Duka la kuandika pingamizi Nasser Road: kalamu nyota nne, printa nyota mbili

Wengi mmeniuliza ile barua yetu ya pingamizi tuliandikishia wapi, sa acha niandike mara moja nisirudie rudie kwa kila mtu. Ni duka moja la Nasser Road hapa Kampala, juu kwenye moja ya zile arcade zenye ngazi nyembamba, jina silitaji manake kuna mazuri nitasema na kuna mabaya nitasema na sitaki kesi na mtu. Ukifika pale uliza wanaoandika hati za viapo na barua za serikali, sio wale wa kadi za harusi, utaonyeshwa tu.

Kwa wasiojua habari yenyewe, kuna chama kinaomba kusajiliwa, na mwenye pingamizi anaruhusiwa kulipeleka Tume ya Uchaguzi kwa maandishi. Sisi watu wa Bombo, mji wa Wanubi kaskazini ya Kampala, tukakaa tukasema hiki hakipiti kimya kimya. Baadhi ya viongozi wake tunawajua, wamekuwa wakigawa vipeperushi sokoni vinasema wageni warudi kwao kabla hawajarudishwa, na kwenye hesabu yao ya wageni tumo sisi Wanubi, watu ambao babu zetu walikuja na Lugard, yule kapteni Mwingereza, mwaka 1891 na Katiba ya 1995 imewaandika kwenye Jedwali la Tatu, lile la makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Nubi, limeandikwa kabisa, nenda kasome. Lakini mtu mwenye kipeperushi hasomi Jedwali. Hii nchi 1972 iliwapa Wahindi siku 90 waondoke, na 1979 Amin alipoanguka zamu ikafika kwetu, wazee wetu wakakimbilia Sudan na Kongo na Kenya, kwa hiyo mtu akiandika "warudi kwao" Bombo haichukuliwi kama utani.

Basi tukaandika barua yetu kwa mkono, Kiswahili kimechanganyika na Luganda, kurasa nyingi, hasira tupu. Tulichohitaji ni mtu wa kuigeuza iwe Kiingereza cha ofisi, aichape, apange viambatanisho, na atafute komishona wa viapo wa kutuapisha na kupiga muhuri. Hilo duka linafanya yote manne chini ya paa moja, na hiyo ndio sababu ya kwanza ya kwenda pale badala ya kuzunguka mji mzima na boda.

Bei kwanza manake najua ndio mnataka. Kuchapa ni 2,000 kwa ukurasa na masahihisho yamo humo humo, kutafsiri ni 10,000 kwa ukurasa (walianza na 15,000, msikubali), fotokopi 200, kubaindi 5,000. Komishona wa viapo analipwa mbali na hapo mkasikilizane naye wenyewe. Kwa Nasser Road hii sio bei ya chini, chini pale kuna vijana watakuchapia kwa 1,000, lakini kijana wa chini anachapa kile umempa. Huyu wa juu anakuuliza maswali.

Anayeuliza maswali ni mzee mmoja wanamwita Haji, alikuwa karani wa mahakama miaka mingi kabla hajastaafu, ana miwani imefungwa na uzi na kalamu nyekundu ambayo haiishi wino. Alichukua barua yetu akasoma yote bila kusema neno, sisi tumekaa kwenye benchi tunamwangalia, halafu akarudi ukurasa wa kwanza akaanza kukata. Wallahi alikata nusu. Sentensi yetu ya kwanza ilikuwa inasema hawa ni magaidi na wauaji wanaotaka kuingiza nchi kwenye damu. Akaipiga mstari.

Akasema, "Wazee wangu, ugaidi una sheria yake, ya mwaka 2002, na nyuma ya ile sheria kuna orodha. Wamo waasi wa LRA na lile tawi lao la siasa, wamo waasi wa ADF, wamo Al-Qaeda. Hawa wenu wamo?"

Tukasema hawamo.

"Kuna karatasi, kuna picha, kuna hukumu inawaunganisha na waliomo?"

Hakuna.

"Basi hilo neno litawaua nyinyi kabla halijawaua wao."

Hajati mmoja kwenye kundi letu akapandisha, akamwambia Haji kumbe unawatetea hao. Mzee hata hakuinua kichwa, akasema, "Simtetei mtu hajati, nakutetea wewe usishindwe," akaendelea kukata.

Badala yake akauliza mkononi mna nini. Tulikuwa na vipeperushi vitatu, rekodi ya kiongozi wao mmoja akiongea kwenye redio, na skrinshoti za WhatsApp. Hapo ndipo nilianza kuona thamani ya ile 10,000. Kipeperushi kimoja alikikubali, kile chenye jina la chama na alama yake chini, viwili akaviweka pembeni kwa sababu havina jina la mtu na mtu yeyote Nasser Road anaweza kuvichapa (na ni kweli, hii ndio barabara ambayo ukitaka hati yoyote ya dunia hii kuna mtu anamjua mtu). Skrinshoti zilizokatwa juu akazitupa, akasema aliyepiga arudi kwenye simu apige tena namba ionekane, tarehe ionekane, na kikundi kinaitwaje kionekane, halafu huyo mwenye simu mwenyewe ndio aape, sio shemeji yake. Rekodi ya redio akasema iandikwe neno kwa neno, na iende kwenye flashi pia, na aliyesikiliza aseme alisikia siku gani saa ngapi kwenye stesheni gani.

Sasa ile sentensi ya kwanza mwishoni ilitoka hivi, natoa kwa Kiswahili: "Kipeperushi kilichoambatanishwa kama A, chenye jina na alama ya mwombaji, kinasema watu wa jamii nne zilizotajwa humo sio watu wa Uganda na hawatapokelewa kuwa wanachama." Basi. Hakuna tusi hata moja. Na ukiisoma polepole unaona imewafunga kuliko magaidi na wauaji yote tuliyoandika, manake Katiba ibara ya 71 inasema chama lazima kiwe na sura ya kitaifa na uanachama usitegemee jinsia, kabila, dini wala mgawanyiko mwingine wowote wa namna hiyo, na Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2005, iliyokuja mwaka ule ule wa kura ya maoni ya kurudisha vyama vingi, inarudia hayo hayo na kuongeza maneno, kauli mbiu na alama zinazoweza kuamsha mgawanyiko. Wao wenyewe wameandika watakataa watu kwa kabila lao. Unataka nini tena?

Kitu kimoja kizuri sana cha hili duka ambacho sijaona kwingine: wana toleo jipya la sheria. Mnajua sheria za Uganda zilipangwa upya na lile toleo likaanza kutumika Julai 2024, sa namba za vifungu nyingi zimehama. Wapo mawakili wadogo mjini bado wanaandika namba za zamani. Yule binti anayechapa, mtoto mdogo tu, alisimamisha kazi akasema Haji hii namba ni ya kitabu cha zamani, akafungua kile kipya wakasahihisha. Hapo nilimpa soda.

Haji akauliza pia kama tuna mtu kati yetu anayedai jina lake limetiwa kwenye fomu za chama bila yeye kujua. Kwa sheria yetu chama kinatakiwa kuleta angalau watu 50 kutoka kila wilaya kwenye theluthi mbili ya wilaya zote za nchi, na hiyo ni sahihi nyingi sana kwa watu wanaoshinda wanafukuza majirani zao, kwa hiyo Haji anasema mara nyingi siasa inabishaniwa lakini sahihi ndio zinaangusha. Sisi hatukuwa na mtu kama huyo. Lakini kama nyinyi mnaye, yule mmoja tu ana uzito kuliko barua ya kurasa kumi za "tunapinga vikali", mpelekeni akaape.

Mahali nilipokosana na Haji ni kwenye historia. Mimi upande wa mama nina watu Kasensero, kule Kyotera ziwani, zamani ilikuwa Rakai. Mwaka 1994 maiti za mauaji ya kimbari ya Rwanda zilikuja na mto Kagera zikaingia Ziwa Victoria, na wavuvi wa Kasensero ndio walizitoa majini, mjomba wangu alikuwa kijana wakati huo na mpaka leo samaki wa mwezi ule hataki kusikia habari zake. Pale kuna makaburi ya kumbukumbu, na Lambu yapo, na Ggolo yapo, ukijumlisha sehemu zote tatu ni watu zaidi ya 10,000. Na kule walikotoka kulikuwa na chama, CDR, cha Wahutu wenye siasa kali dhidi ya Watutsi, kilianzishwa 1992, chama kama vyama vingine, kina mwenyekiti kina bendera kina mikutano, na kazi yake ilikuwa kusema wazi kile wengine walikuwa wanasema chini chini. Mkataba wa Arusha wa 1993, ule wa amani ya Rwanda, ulipowaacha nje ya serikali ya mpito walikuwa tayari wana vijana na wana masikio ya watu. Mimi nilitaka hiyo iingie kwenye barua, ukurasa mzima. Haji akaikata ikawa sentensi moja, eti Tume haikai kuhukumu Rwanda, inakaa kuangalia maombi yaliyo mezani. Kisheria yuko sawa sikatai. Lakini naona alikata sana, manake anayesoma ile barua ni binadamu na aya moja ya Kasensero isingemdhuru, na mimi ndio nalipa. Nyota moja nimeitoa hapo.

Kwenye jambo lingine lakini alinifungua kichwa. Wakati printa imekwama (nitakuja kwenye printa) tukawa tunapiga stori, nikasema serikali ingekuwa inakataa tu vyama vya namna hii bila kusubiri wananchi waandike. Haji akaniuliza kama nakumbuka IPK ya Mombasa. Islamic Party of Kenya, 1992, vyama vingi vimerudi tu Kenya, wakaomba, serikali ya Moi ikakataa kuwasajili kwa sababu eti ni chama cha dini, Mombasa ikawaka moto mawe na gesi. Kuna waliosema ni watu wa siasa kali na kuna waliosema ni watu wa pwani wamechoka kusahauliwa, na mpaka leo ukikaa kibarazani Old Town utasikia zote mbili. Tanzania nako Mchungaji Mtikila na chama chake DP walikaa nje miaka kumi kwa kuukataa Muungano, kimesajiliwa 2002. Sa huyo naye alikuwa hatari kiasi gani? Maneno yake yalikuwa makali, Wahindi aliwaita magabacholi, mimi nisingempigia kura, lakini kukataa Muungano na kutaka jirani yako afukuzwe sio kitu kimoja. Na hapa kwetu Uganda neno gaidi linatupwa hovyo sana, upinzani ukiandamana ni magaidi, mtu akivaa kofia fulani ni gaidi. Ndio maana Haji hataki neno lile kwenye barua zake: leo utalitumia wewe kwa haki, kesho litakuja kwako.

Binamu yangu yuko Australia akanitumia ya kule pia, wana watu wao wanaotaka nchi ya weupe tupu na wanatafuta chama. Kule tume yao inatoa tangazo, wananchi wana mwezi mmoja wa kuleta pingamizi kwa maandishi, lakini sheria yao ya uchaguzi ya 1918 inauliza mambo makavu: wanachama 1,500 wapo (zamani ilikuwa 500, wameongeza 2021), jina halifanani na la chama kingine, jina sio tusi. Binamu anasema watu waliojaza barua za "hawa ni wabaguzi" walikuwa wanagonga mlango ambao hauko. Ujerumani nako wana mlango lakini ni mzito, mwaka 2017 mahakama yao kubwa ilisema chama cha NPD, cha mrengo mkali wa kulia, kinataka mambo yanayopinga katiba halafu ikakataa kukipiga marufuku kwa sababu hakina nguvu ya kuyafanikisha. Sisi huku mlango tunao na ni mpana, ibara ya 71 inagusa moyo wa chama chenyewe, ni nani anaruhusiwa kuingia. Hiyo ni bahati na ni hatari kwa wakati mmoja, inategemea nani ameshika kitasa.

Sawa turudi dukani, mabaya sasa.

Printa. Jamani printa. Inatoa mstari mweusi pembeni ya kila ukurasa, ukilalamika wanaitikisa toner halafu mstari unahamia upande wa pili. Stima ikikatika hakuna jenereta, mnakaa gizani na barua yenu nusu. Picha za kipeperushi zilitoka nyeusi mpaka ile alama ya chama, ambayo ndio ushahidi wenyewe, haionekani, ikabidi nishuke chini kwa wale vijana wa 1,000 nikapige rangi kwa pesa yangu nikapanda tena. Duka linaloandika vizuri hivi linashindwaje kununua printa?

Pili, na hii ni kubwa, hawana siri. Hati za viapo za watu zimelala mezani, jina lote, namba ya kitambulisho, kijiji, sahihi, na mteja anayekuja kulipia ada ya shule anaweka kiwiko juu yake. Fikiria wewe umeapa dhidi ya watu wanaogawa vipeperushi vya kufukuza watu, halafu jina lako na kijiji chako vinasomwa na kila mpita njia. Tulimwambia Haji, akageuza karatasi uso chini, hiyo ndio ulinzi wote. Shauri langu, mkae na binti mpaka amalize, mfute faili kwenye kompyuta yao mkiwa mnaangalia, na karatasi zilizoharibika mwondoke nazo zote msiwaachie kapu.

Tatu ndio itawachekesha au itawakasirisha. Tukiwa tunasubiri kubaindi, kijana akapita na boksi la kalenda na stika, moja ikaanguka, nikaokota, ni ile alama. Ile ile ya kiambatanisho A. Duka la mlango wa pili, ambalo kumbe mwenyewe ni mmoja, ndio linawachapia hao jamaa. Hajati akaiona, nikamshika mkono. Haji akasema kwa utulivu kabisa, "Nasser Road inachapa kila mtu." Na ni kweli, hii barabara imechapa mabango ya Amin na Gaddafi na Saddam na Osama na ya wanamuziki yote kwenye ukuta mmoja, mwenye duka haulizi unaabudu nini anauliza nakala ngapi. Mimi sijui kama ningetaka akatae. Akikataa wao leo, nani atanichapia mimi siku ambayo sisi ndio hatutakiwi? Lakini angetuambia mapema tungejua tunaongea mbele ya nani, hiyo ni heshima ya kawaida tu kwa mteja, na hiyo stika niliomba niichukue, wakanipa, imeingia kama kiambatanisho D na muhuri juu yake. Haji mwenyewe ndio aliiandikia namba.

Komishona wa viapo alikuja na muhuri wake, akatuuliza kila mmoja kama tumesoma na tumeelewa, na kwa wale wazee wawili ambao Kiingereza hawasomi akasisitiza wasomewe kwa Kiswahili kwanza na iandikwe kwamba wamesomewa. Hilo wengi wanaliruka. Msiruhusu liruke, manake upande wa pili wakija na wakili la kwanza atauliza huyu mzee alijuaje alichosaini.

Barua tumepeleka wenyewe, imepokelewa, nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Uamuzi bado, ukitoka nitaongeza hapa chini, lakini duka nalipima kwa kazi yake sio kwa uamuzi wa Tume.

Kwa hiyo: kama una malalamiko ya kweli na ushahidi mkononi na hujui uanzie wapi, nenda kwa Haji na uvumilie kalamu. Kama unataka tu mtu wa kukuchapia hasira yako kama ilivyo, baki chini, utaokoa elfu kumi na moja kwa ukurasa. Nendeni asubuhi kabla stima haijaanza mchezo, Ijumaa saa sita mchana Haji yuko msikitini msimsubiri, mpige picha za rangi kwingine kabisa, na risiti muiombe wenyewe, hawatoi mpaka uulize.